Nani Aliwaambia Habari za Chuma

Polikarp, mzee wa kijiji kimoja cha juu ya Kate, huko Ufipa, alikuwa mtu wa kushuku tangu ujana wake, na wala hakuficha. Alilisema bila haya, kama mwingine anavyosema mimi bamia sili. Kwenye pombe ya ulezi alikunywa wa mwisho, baada ya kuhakikisha wenzake wamekunywa na bado wanapiga soga. Mbegu mpya zikiletwa, alizipanda kwanza nyuma ya choo azione zitafanya nini. Padri alipobadilishwa, Polikarp alisali nje ya kanisa mpaka Kwaresima, akimsikiliza yule mpya kupitia dirishani, ndipo akaingia. Watu walimcheka, lakini walimchekea mbali, maana mara mbili tatu shaka zake zilikuwa za kweli, na mtu wa namna hiyo akishapatia mara moja, basi tena, humwambii kitu.

Mtu aliyemshuku kuliko wote ni mdogo wake wa tumbo moja, Isdori. Na hapo ndipo palipo na habari yenyewe.

Ukoo wao ulikuwa wa wafua chuma, na si wafuaji wa kunoa majembe tu, bali wale wa kukipika chuma chenyewe kutoka kwenye mawe. Matanuri yao ya udongo, marefu kupita mtu, bado yamesimama huko mashambani, mengine yameota nyasi kichwani, mengine mbuzi wanajikinga mvua humo. Kwa Kifipa huitwa malungu. Chuma cha dukani kilipoenea, moto ukazimwa, lakini ukoo haukuzimika. Lilibaki tanuri, kikapu cha dawa kilichotundikwa juu ya moshi wa jikoni, na maneno. Maneno ndiyo yaliyokuwa mali. Baba mkubwa wao, mzee Urbano, ndiye aliyekuwa wa mwisho kuyashika, na alipoona kifua kinamsumbua aliwaita vijana wale wawili siku moja. Mzee alimpeleka Polikarp kwenye tanuri asubuhi. Isdori akampeleka mchana.

Sharti lilikuwa moja, nalo ni kali. Waliopewa hawaulizani. Ukishapewa, umepewa, hukai na mwenzio kulinganisha wewe umeambiwa nini na mimi nini, maana maneno yakitembea kutoka mdomo hadi mdomo huchuja kama pombe iliyotiwa maji. Ndiyo maana jioni ile ndugu hao walipokutana njiani, Polikarp aliuliza neno moja tu, "Umepewa?" Isdori akajibu, "Nimepewa." Wakaenda zao. Mzee Urbano hakumaliza mwezi.

Mambo yangebaki hivyo kama isingekuwa baiskeli. Miaka hiyo ya nyuma alikuja Mzungu mmoja mrefu, mwenye kofia ya majani, akipima matanuri kwa kamba na kuyapiga picha. Polikarp alimkimbia. Isdori akawa mwenyeji wake, akamzungusha mashamba yote, akala naye viazi vya kuchoma, na yule Mzungu alipoondoka Isdori alibaki na baiskeli mpya yenye taa. Sasa nikuulize wewe unayesoma. Mtu anapewa baiskeli kwa kuonyesha njia tu? Polikarp alijiuliza hivyo siku ile, akajiuliza mwaka uliofuata, na akaendelea kujiuliza mpaka baiskeli ikafa kwa kutu. Hakuwa na ushahidi. Alikuwa na shaka, na shaka kwa Polikarp ilikuwa chakula kamili, haihitaji mboga.

Isdori akahamia Kasense, karibu na mji wa Sumbawanga, akalima, akaoa Mariana, akazeeka. Walionana kwenye misiba. Walisalimiana vizuri, ndiyo, "kaka shikamoo," "marahaba mdogo wangu," kisha kila mmoja akatafuta upande wake wa jamvi.

Mwaka huu masika yalipokwisha, habari zikaja kwamba Isdori hali yake si nzuri. Kifua kimejaa maji, miguu imevimba, hospitali wamemtoa maji na yamerudi. Aliyeleta habari ni Cornelia, binti wa Polikarp, mwalimu wa fizikia katika sekondari moja ya mjini, anayeishi chumba cha kupanga pale Mazwi.

"Baba, baba mdogo anakuita," alisema. "Anasema ana jambo na wewe, na halitumwi kwa mtu."

"Jambo gani?"

"Ningelijua si lingekuwa limetumwa?"

Polikarp alitafuna ndani ya mashavu. "Mwambie nitakuja nikishavuna ulezi."

"Baba, huo ulezi hautamsubiri."

"Basi hilo jambo atalisema kwa mwingine anayemwamini kuliko mimi."

Cornelia alimfahamu baba yake, akaenda kushusha mzigo wake. Likizo ilikuwa imeanza, na paa la chumba chake lilikuwa linavuja, kwa hiyo alikuwa amekuja na sanduku la vitabu vyake ili vikae pakavu. Vilikuwa vitabu vya ulimwengu: nyota, mwanga, mwanzo wa vitu vyote, vile vinavyoandikwa na wataalamu kwa ajili ya watu wasio wataalamu. Vingi vilikuwa vya Kiingereza. Kimoja kilikuwa cha Kiswahili, kimechakaa jalada, na Cornelia alikipenda kuliko vingine kwa sababu wanafunzi wake walikielewa.

Polikarp hakuvipenda vitabu hivyo hata kabla ya kuvifungua. Mtu anakuja na sanduku zito la habari za mbinguni, na si Biblia. Hapo pana kitu. Cornelia alipokwenda kisimani, mzee alivaa miwani, akatoa kile cha Kiswahili, akakaa nacho kibarazani ili akichunguze.

Alianza kusoma kama askari anavyopekua mzigo. Akasoma kwamba jua ni nyota. Akaguna. Akasoma kwamba mwanga wa nyota nyingine ulitoka huko kabla mababu hawajazaliwa, na ndio kwanza unafika. Akageuka kutazama nyuma yake, sijui alitaka kuona nini. Kisha akafika mahali palipomfanya avue miwani, aipanguse kwa kola ya shati, aivae tena na kusoma upya, kidole chini ya mstari:

*Nyota kubwa ni kama tumbo la mama. Humo ndani vitu vyepesi hupikwa vikawa vizito, kimoja baada ya kingine, na nyota huishi kwa joto la upishi huo. Lakini tumbo likishatunga chuma, moto hauna cha kula tena. Nyota hujiangukia yenyewe, hupasuka na kufa, na chuma chake husambaa angani. Hicho ndicho kilichoingia katika udongo wa dunia yetu. Hicho ndicho kilichomo katika damu yako.*

Polikarp alikifunga kitabu, kidole kikabaki ndani ya ukurasa.

Haya yalikuwa maneno yao. Si yanayofanana nayo, ni yaleyale. Mzee Urbano aliyasema asubuhi ile huku mkono wake umegusa ubavu wa tanuri, kwa Kifipa, polepole, na Polikarp hajawahi kuyatamka kwa kiumbe, hata kwa marehemu mkewe, hata kwenye kitubio. Na sasa yamekaa kitabuni, yamepigwa chapa, yanauzwa madukani, yanasomwa na watoto wa watu wenye sare za shule.

Aliingia jikoni akakitazama kikapu. Kilikuwepo, cheusi kwa masizi, kamba haijaguswa. Kwa hiyo mwizi hakupitia kwake. Wenye maneno walikuwa wawili, na mmoja ni yeye. Hesabu hiyo hata mtoto wa chekechea anaiweza. Siri ya mtungi aijuaye ni kata, wanasema, na Polikarp aliijua kata iliyovuja. Ilipanda baiskeli yenye taa.

Cornelia aliporudi na ndoo kichwani alimkuta amesimama mlangoni, kitabu kifuani.

"Walioandika hiki, walifika huko kwenye nyota?"

"Hapana, baba. Haifikiki. Ni mbali mno."

"Tumboni mwa nyota walichungulia?"

"Hawakuchungulia."

"Basi waliambiwa na nani?"

Cornelia alishusha ndoo. Alikuwa mwalimu, na swali la namna hii lilimfurahisha, laiti angejua. Akaeleza vizuri kabisa. Akasema mwanga wa nyota ukipitishwa kwenye kioo maalumu hutawanyika ukawa rangi rangi, na kila kitu kinachoungua huacha alama yake katika rangi hizo, chuma alama yake, chumvi alama yake. Akasema wewe mwenyewe baba ukiona moshi juu ya kilima unajua ni nyasi zinazoungua au ni mti mbichi, hujafika pale. Akasema mengine yalipatikana kwa hesabu, watu wengi, nchi nyingi, wakisahihishana.

Polikarp alisikiliza mpaka mwisho. Hakuwa mjinga, na ule mfano wa moshi aliuelewa. Lakini kwake yeye elimu ilikuwa na njia moja tu. Mtu hajui, anaambiwa. Na anaambiwa na mwenye haki ya kusema, mahali pake, siku yake. Asiyeambiwa akijua, ameiba. Kwamba mtu anaweza kukaa mezani na karatasi, asiambiwe na yeyote, akafika penyewe kwenye neno la ukoo wa watu wa Ufipa ambao hajawahi kuwasikia, hilo halikumwingia. Angekubali upesi zaidi kwamba ng'ombe ametaga.

"Na huku nyuma," akasema, akafungua ukurasa wa mwisho, maana alikuwa amekwisha kuupekua nao. "Anawashukuru watu. Huyu, na huyu, na mkewe. Halafu anasema, 'na wengine wengi ambao siwezi kuwataja majina.' Kwa nini asiwataje?"

"Baba, ni desturi tu ya kuandika. Ni wengi."

"Mtu aliyekusaidia kwa haki unamtaja. Asiyetajwa ni yule mliyefanya naye jambo lisilotajika."

"Lakini unamshuku nani hasa?"

Polikarp alikipachika kitabu kwapani. Aliingia ndani, akatoka amevaa koti lake la Krismasi.

"Twende Kasense," alisema. "Si ananiita?"

Cornelia alifurahi, masikini. Alidhani moyo wa baba yake umelainika. Njia nzima mpaka Sumbawanga alimwona amekumbatia kitabu, akafikiri labda anakwenda kumsomea mgonjwa. Polikarp naye njia nzima alikuwa anapanga mashtaka. Alipanga atakavyoingia, atakavyosimama, atakavyomwacha Isdori akane kwanza, ndipo amfungulie ukurasa. Alikuwa na hasira ya miaka, na kusema kweli ilimtia nguvu. Alishuka garini kama kijana. Na chini kabisa ya hasira kulikuwa na kitu kingine kilichomuuma, ambacho hakukitazama sana: kwamba baba mkubwa Urbano aliwapa wote wawili sawasawa, na yeye peke yake ndiye aliyetunza.

Mariana aliwapokea uani, akapiga magoti nusu. "Shikamoo shemeji. Mungu ni mwema, umekuja. Tangu jana anaulizia."

"Marahaba. Yuko wapi?"

Isdori alikuwa chumba cha mbele, ameegemezwa mito mitatu kwa sababu akilala chali anakosa pumzi. Polikarp alikuwa amejiandaa kwa mengi, lakini hakujiandaa kwa ule wembamba. Mtu mzima mwenye mabega yale, sasa shingo kama ya kuku mwenye kideri. Miguu tu ndiyo imenenepa, na unene wenyewe ni wa maji. Moyo wa Polikarp ulimruka, na akaukasirikia kwa kuruka, akabaki amesimama.

"Kaka, shikamoo."

"Marahaba."

"Umekuja." Isdori alipumzika kidogo kati ya neno na neno. "Nilisema hutakuja. Kaa basi. Nina ombi."

"Ombi lako litasubiri. Mimi nimekuja na swali."

Mariana na Cornelia walitazamana. Nje majirani wawili waliokuja kumjulia hali mgonjwa walikuwa wamekaa kwenye benchi, mlango uko wazi, na Polikarp, mtu ambaye maisha yake yote hajawahi kusema neno la maana bila kutazama nani yuko nyuma yake, safari hii hakutazama. Hasira humfanya mtu kipofu kuliko uzee.

"Nimekuvumilia na ile baiskeli," alisema. "Nikanyamaza. Nikasema labda ni shaka zangu tu. Leo nimeyakuta yameandikwa. Yote, Isdori. Uliyauza, na wameyachapa kitabu, na mwanangu anayafundisha darasani."

"Nini hicho?"

"Usijifanye hujui. Maneno."

"Maneno gani, kaka?"

Basi hapo Polikarp akashindwa kujizuia. Alitaka kumwona akianguka usoni, alitaka amtupie kosa lake palepale, na njia ya kulitupa ilikuwa moja tu. Akayasema. Aliyasema kwa Kifipa, kwa sauti kubwa, kama alivyoyapokea:

"Tanuri ni mama. Mama akishatunga chuma, huyo ni wa kufa. Asililiwe, maana hakufa bure. Chuma hakikuzaliwa hapa duniani. Kilizaliwa na mama mwingine, huko juu, naye alikufa kwa kukizaa, na sisi tunakirudisha tumboni mara ya pili. Ndiyo maana ukijikata na ukalamba damu yako, unaonja chuma. Wewe na jembe ni watoto wa marehemu mmoja."

Mmoja wa wale majirani alikuwa amesimama na kusogea mlangoni bila kujijua.

Polikarp alifungua kitabu, akatafuta ukurasa. "Haya. Soma. Sema siyo."

Isdori hakukitazama kitabu. Alikuwa anamtazama kaka yake, macho yamejaa machozi, na kile kilichokuwa usoni mwake hakikuwa woga wala aibu. Polikarp, aliyewasoma watu maisha yake yote akitafuta uongo, alishindwa kuusoma uso ule.

"Kwa hiyo ndiyo hayo," alisema Isdori.

"Ndiyo hayo nini?"

"Sikuwahi kuyasikia."

"Isdori."

"Sikupewa, kaka." Akasubiri pumzi. "Baba mkubwa alinikalisha pale kwenye tanuri. Akafungua mdomo, kikohozi kikamshika. Akakohoa damu. Nikataka kumbeba, akakataa. Akasema, twende nyumbani, nitakupa kesho kutwa nikipata nafuu. Hakupata. Nawe ukanikuta njiani ukaniuliza, umepewa? Wewe ulikuwa umepewa. Ulikuwa unatembea kama mtu mwingine kabisa. Nikaona aibu. Nikasema nimepewa."

"Kwa nini hukuja kuniambia?"

"Waliopewa hawaulizani." Akatabasamu kidogo, tabasamu la mtu aliyechoka. "Yule Mzungu aliniuliza maneno kila siku. Nikasema siwezi kusema, ni mwiko. Akaniheshimu sana kwa kutunza siri. Baiskeli alinipa kwa ajili hiyo. Niliipanda, kaka, na kila nikiipanda naona aibu, maana sikuwa na siri yoyote."

Mariana alikuwa ameweka kanga mdomoni. Miaka yote ya ndoa, na hilo hakulijua.

"Ombi langu lilikuwa hilo," Isdori aliendelea. "Nilitaka nikuombe unipe kabla sijaenda. Nimekaa nalifikiria, nikasema atakataa, atauliza ninayataka ya nini. Sikujua utaingia nayo mlangoni."

Polikarp alikaa chini. Hakuchagua pa kukaa. Alikaa ukingoni mwa kitanda, juu ya shuka la mgonjwa, kitabu kikamtoka mkononi na kuangukia sakafuni kifudifudi, naye hakuinama kukiokota. Aliona aibu iliyomwanzia masikioni ikashuka mpaka magotini. Miaka yote hiyo alikuwa amemchukia mdogo wake kwa kuuza kitu ambacho hakuwahi kupewa. Katika ukoo mzima, tangu tanuri la kwanza lijengwe, mtu aliyeyatoa maneno hadharani, mbele ya wanawake na majirani wa Kasense wasiomhusu, alikuwa ni yeye Polikarp, mtunzaji.

Cornelia alikuja akakiokota kitabu, akakunjua kurasa zilizopindana. Alikuwa amekifundisha kitabu kile kwa miaka, akiwaambia wanafunzi wake kwamba elimu hii ilitoka mbali, na leo ndiyo mara ya kwanza anasikia kilichokuwa nyumbani kwao. Naye hilo lilimuuma.

"Nisamehe, mdogo wangu," alisema Polikarp. Lilikuwa neno gumu kwake na lilitoka limekunjamana, lakini lilitoka.

"Yameisha." Isdori alipapasa shuka mpaka akaupata mkono wa kaka yake. "Sasa nipe vizuri. Ulikuwa unagomba, nimeshika mwanzo tu."

Mmoja wa wale majirani, mtu mwenye adabu, akataka kuufunga mlango. Polikarp alimwambia auache. Akamsogelea mdogo wake karibu, akaanza tena kwenye neno la kwanza, tanuri ni mama, na Isdori akawa anayarudia nyuma yake kipande kwa kipande, akisubiri pumzi, mpaka akayaweza.